Utitiri ulivyonitesa bandani

Nafuga leyazi (kuku wa mayai) 180 huku Kibaha, banda la mabanzi, na mwaka jana nusura niache. Mayai yalishuka kutoka trei tano kwa siku mpaka tatu, vilemba vimepauka, jioni kuku hawataki kuingia ndani mpaka uwaswage. Nikalaumu chakula, nikagombana na muuza pumba wangu (mpaka leo sijamwomba radhi).

Aliyeshtukia ni mdogo wangu, kila akitoka kuokota mayai anajikuna shingo. Saa nane usiku nikaingia na tochi ya simu, nikageuza banzi wanalolalia, pale linapoungana na nguzo, mama yangu! Vidoti vyekundu vimejaa vinatembea, nikaminya kimoja, damu kidoleni. Mchana ukiangalia hapo hapo unaona kitu kama majivu tu.

Kesho yake saa sita mchana nikawapulizia kuku dawa juu mpaka chini. Kazi bure! Utitiri mchana haukai kwenye kuku, unajificha kwenye nyufa, usiku ndo unapanda kunyonya halafu unarudi zake.

Wiki hiyo wakafa 9, wanahara kijani-njano. Bwana mifugo akapasua mmoja, akaniuliza, "Dada, kundi lililopita lilikufa na nini?" Nikamwambia taifodi ya kuku, ila banda nililiacha tupu miezi miwili. Akacheka. Kumbe hawa wadudu wanaweza kukaa hata miezi minane bila kula, na bakteria wa taifodi wanakaa nao humo humo, wakija kuku wapya wanapokelewa na wenyeji. Akasema hawezi kuapa ni utitiri peke yake, maana hata panya wanahusika, na kuku aliyepona anaweza kubaki na bakteria hao, ila kwa nilivyokuwa na nyufa zile ugonjwa ulikuwa na pa kulala.

Kuku wakapewa antibiotiki alizoandika yeye, mayai ya siku zile hatukuuza wala kula, yaliniuma hayo we acha tu. Banda sasa: kuku nikawatoa nje kwenye uzio wa muda, mabanzi ya kulalia, viota na maranda vyote nikachoma, kuta nikazimwagia maji yanayochemka, nyufa nikaziba kwa simenti, ndo nikapiga dawa ukutani sio kwenye kuku, na baada ya siku saba nikarudia sababu mayai ya utitiri dawa haiyaui, yanaangua kizazi kipya. Pa kulalia nimeweka paipu za chuma, miguu yake imesimama kwenye makopo ya oili chafu.

Siku hizi nakunja kipande cha boksi nakifunga chini ya paipu, kila Jumamosi nakikung'utia kwenye karatasi nyeupe. Mayai yamerudi trei nne na nusu. Jumamosi iliyopita nilikuta vidoti viwili, nikabandika sufuria ya maji jikoni hapo hapo.