Siku moja maishani mwangu: kambale asiyekua

Saa 11 alfajiri. Niko mwaloni, samaki wanakoshushwa, Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, na ndoo, rula na daftari. Kazi yangu ni kutambua spishi zao. Wachuuzi wanasubiri sangara. Mwenye rula ni wa kupigwa vikumbo tu.

Saa 1 asubuhi. Samaki aitwaye gogogo hanisumbui. Ukimshika anakaza miiba na kukukoromea mkononi. Ila jina hilo moja limebeba spishi mbili humu ziwani, Synodontis victoriae na Synodontis afrofischeri. Hongwe nimepata mmoja tu, mkia wa panda, pezi la mafuta, yaani lile dogo la nyama, mgongoni karibu na mkia. Kabla sangara hajatawala, hongwe alikuwa samaki wa kawaida.

Saa 3. Kijana kaleta ndoo ya vikambale vya chambo. Pezi la mgongo refu karibu kufika mkiani, pezi la mafuta hakuna, sharubu nane. Nikaandika upesi: Clarias gariepinus, yule kambale mkubwa wa kawaida, wachanga.

Mzee anayeshona nyavu akachungulia. "Binti yangu, huyo hakui."

"Kwa nini, mzee?"

"Muulize kamtoa wapi."

Mafunjoni, akasema kijana.

Saa 5. Tope hadi magotini, maji meusi. Kipimo cha oksijeni kinasoma chini ya miligramu 1 kwa lita. Kambale anaishi humo kwa sababu juu ya matamvua ana kiungo chenye matawi kama mti mdogo, anapanda juu kuvuta hewa. Lakini hata wachanga wa gariepinus hujificha kwenye majani kama haya, kwa hiyo makazi peke yake hayanitoshi.

Saa 8 mchana. Nikampasua mmoja wa sentimita 16. Tumbo limejaa mayai! Mtoto gani huyo? Gariepinus wa urefu huo bado hajapevuka. Vichujio vya matamvua navyo ni vichache, vimeachana. Vya gariepinus ni vingi, vimesongamana kama meno ya kitana. Kichwa laini. Ni Clarias liocephalus, spishi nyingine ya kambale, ndogo, na jina lenyewe kwa Kigiriki ni "kichwa laini".

Saa 11 jioni. Nimerudi kurasa za nyuma za daftari, nimeweka alama ya kuuliza kila nilipoandika "wachanga". Ni nyingi, aibu yangu.

Nikampitia mzee nimshukuru. Akauliza samaki anaitwaje, nikamtajia. Akacheka hadi sindano ikamponyoka.

"Sisi tunamwita chambo."