Mtama wa Danieli na kanga ya mama

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Andiko la juma hili ni Danieli 1:3–17. Nimelichagua kwa ajili ya kijana wetu wa ushirika anayeondoka Jumanne usiku kwenda kusoma Ufini. Mimi mwenyewe niliishi huko, mji wa Oulu, na mwaka wa kwanza nusura unirudishe nyumbani.

Sura hii tumezoea kuihubiri kama habari ya vijana wa Yuda, mateka huko Babeli, waliokataa. Walikataa chakula cha mfalme, amina, tunafunga Biblia. Hebu isomeni taratibu mhesabu waliyoyakubali. Walikubali kufundishwa elimu ya Wakaldayo na lugha yao, miaka mitatu. Walikubali kuitwa majina ya kigeni: Hanania akawa Shadraka, Mishaeli akawa Meshaki, Azaria akawa Abednego. Danieli akawa Belteshaza, na katika 4:8 mfalme mwenyewe, Nebukadreza, anasema waziwazi kwamba jina hilo ni kwa jina la mungu wake. Kijana wa Yuda akaitika. Alipoweka mguu chini ni kwenye sahani tu.

Mimi nilifanya kinyume chake: nilikubali darasa, mengine yote nikayakataa. Na wao walichukuliwa mateka. Mimi niliomba visa mwenyewe na nikafanyiwa sherehe ya kuagwa.

Nilifika Agosti, jua lingali tele. Desemba likawa linachomoza saa nne na nusu asubuhi, na saa nane mchana limeshazama. Saa zetu sisi huanza kuhesabiwa kulipokucha. Kule ukisema saa moja asubuhi unajiona mwongo. Lakini giza nililivumilia. Kilichonivunja ni salamu.

Nililelewa kwamba mtu hapitwi kama gogo. Basi asubuhi yangu ya kwanza kituo cha basi nilimkuta mama mmoja wa makamo, nikamwambia "Moi", maana ndiyo salamu yao. (Wenzetu Wakenya, chekeni taratibu. Na yule Rais wenu naye alikuwa Daniel.) Aliitika kwa sauti ndogo, akasogea hatua mbili, akageukia barabara. Ndani ya basi kila aliyepanda alitafuta kiti ambacho pembeni yake hakuna mtu. Cha pembeni yangu kilibaki kitupu mpaka chuoni. Nikaamua palepale: ni rangi yangu. Pengine siku nyingine ilikuwa rangi kweli, ubaguzi upo na sitautetea. Ila nilipoanza kuwatazama vizuri niliona hata wao kwa wao wanakaa hivyohivyo. Kwao kumwachia mtu nafasi yake ni adabu, kama kwetu kumpokea mzee mzigo. Nilichukua muda mrefu kuliona hilo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kununa.

Nikajifungia. Nikitoka darasani ni chumbani, nasonga ugali wa semolina, kisha simu na nyumbani mpaka usiku wa manane. Ibada nilifuatilia ya huku kwetu, kwenye simu. Nikajifariji kwa Danieli 6:10, madirisha yaliyofunguliwa kukabili Yerusalemu. Nilisahau kwamba mwenye madirisha yale alipiga magoti mara tatu kwa siku, na saa zilizobaki alikuwa kazini kwa watu wa ugenini, anafahamika mpaka na maadui zake.

Februari wasichana wa darasani wakanialika sauna. Ni chumba cha mbao chenye jiko la mawe, joto kama nyuzi 80. Mnakaa juu ya mabenchi, mmoja anamwaga maji kwenye mawe, mvuke unawapanda mpaka masikioni. Tungekuwa wanawake watupu, na neno "watupu" lichukueni kama lilivyo. Nilishaanza kutunga uongo wa homa.

Usiku ule nikarudi kwenye sura hii, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi Danieli alivyosema. Azimio aliliweka moyoni, mstari wa 8, lakini mdomoni alitoa ombi. Mkuu wa matowashi alipoogopea kichwa chake mbele ya mfalme, vijana wasije wakakonda, Danieli hakumwita mpagani, alimwendea msimamizi: "Tafadhali utujaribu sisi watumishi wako muda wa siku kumi, na watupe mtama tule, na maji tunywe." Tafadhali! Na mtama, jamani. Sijui ninyi, mimi mstari huo hunipa harufu ya uji.

Kesho yake nikamuuliza aliyenialika kama naweza kuingia na kanga. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anaweza kuvuta pumzi. Bila shaka, akasema, jifunge unachotaka.

Nikajifunga ya mama, aliyoniwekea kwenye begi bila kuniambia. Na mle ndani watu wale wa kituo cha basi, waliokuwa kimya tangu Agosti, walizungumza! Mmoja akauliza maandishi ya kwenye kanga yanasemaje. Yalikuwa "Hasidi hana sababu." Jaribuni ninyi kumweleza Mfini hasidi ni nani, huku jasho linawaingia machoni. Walipoelewa walicheka, mmoja akaapa kwamba shangazi yake anastahili kununuliwa moja. Baadaye kidogo mwingine akaniuliza habari zangu, kisha akanyamaza kusubiri jibu. Nikamjibu kwa kirefu. Kwenye mvuke ule machozi na jasho havitofautiani, na ninashukuru.

Mstari wa 9 unasema Mungu alimjalia Danieli kibali na huruma machoni pa mkuu wa matowashi. Kibali hicho Danieli alikipata machoni pa Mbabeli, mtu ambaye ilibidi kwanza azungumze naye.

Jana nilipita kumsaidia kijana wetu kufunga begi. Mama yake ameweka kilo tano za sembe, dagaa wa Mwanza na pilipili za kusaga. Koti la baridi limekosa nafasi. Tumebishana. Tumetoa kilo tatu za unga, koti limeingia, dagaa wamebaki. Jumatano asubuhi, wakati bado yuko angani, tukutane kwenye maombi kama kawaida, tusome Yeremia 29:7 na kuuombea amani mji anaokwenda, kwa jina lake.