Mjomba Alipochagua Siku ya Maji Mafu

Malipo ya mnada wa korosho yalipoingia mwaka ule wa 2015, mama alituita wote nyumbani Mikindani, akatuambia pesa ya msimu huo hataki iishie kwenye bati wala saruji. Anataka twende baharini, watoto na wajukuu, tulale huko, tukaone vile vitu ambavyo mdogo wangu kila akija likizo anatusimulia mpaka usiku. "Nimezaliwa Msimbati," alisema. "Nimechokoa pweza tangu sijavunja ungo. Lakini chini ya yale maji sijawahi kupaona."

Mdogo wangu alikuwa na jibu tayari. Alijifunza skuba, yaani kuzama na mtungi wa hewa, Unguja enzi anafanya kazi hotelini, cheti anacho, na kwake yeye safari ya familia ilikuwa Mafia tu: hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, ya mwaka 1995, vituo vya kuzamia vipo, vifaa vipo, waongozaji wapo. Shida ni kufika. Kutoka Mtwara inabidi upande kwanza mpaka kule juu, ndipo uvuke kwa boti ya Nyamisati, au ufike Dar es Salaam uchukue ndege ndogo. Kwa ukoo ule, na watoto wote wale, pesa ya korosho ingeishia kwenye nauli. Nikamwambia mbona Ghuba ya Mnazi nayo ni hifadhi tangu mwaka 2000, kilometa za mraba 650, na visiwa vimo ndani yake, Namponda na Mongo, na mjomba yuko hapo hapo Msimbati. Akanijibu, "Dada, kule kwetu palishapigwa baruti za kuvulia samaki pakaisha."

Mjomba alikuwa amekaa mkekani akisikiliza. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na huyu ni mvuvi maisha yake yote. Alimwacha mpwa wake amalize.

"Baruti ilipigwa," alisema. "Nimeiona, tena nimeisikia mpaka kifuani nikiwa kwenye mtumbwi. Lakini aliyekwambia bahari yote imekufa hajazama, kasimuliwa."

Mimi habari ya baruti mpaka leo inanipandisha hasira. Chupa moja ikilipuka, samaki hupasuka vibofu vya hewa, na wengi wao huzama badala ya kuelea, kwa hiyo hata huyo mpigaji anaokota sehemu tu ya alichoua. Tumbawe lililojengeka miaka na miaka linabaki kifusi. Kifusi nacho hakitulii, wimbi likija kinabingirika, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kitu kinachobingirika. Ndiyo maana mahali palipopigwa zamani panaweza kubaki tupu hata baada ya wapigaji kuacha. Mjomba alituonyesha kwa kidole juu ya mkeka: hapa pamekwisha, hapa nusu, hapa wavuvi wenyewe tulisimama tukakataa. Kisha akagonga ukingo wa mkeka. Upande wa Ruvula, mwamba unaotazama bahari kuu, unakoshuka ghafla: huko kuzima.

Basi Mafia ikaahirishwa. Ikabaki kupanga siku, na hapo ndipo palipotuchukua jioni nzima.

Mdogo wangu alitaka tarehe 26 Desemba, Krismasi ikishapita, ofisi yake imefungwa. Mjomba hakuuliza ofisi inafungwa lini, aliuliza mwezi. Tukahesabu. Krismasi ile iliangukia mwezi mpevu, katikati ya Mfungo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, Maulidi nayo siku hizo hizo. Maana yake bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. "Bamvua," mjomba alisema, "maji yanatoka mlangoni mwa ghuba kama yamefukuzwa. Mtoto ukimwachia kamba unamfuata Msumbiji."

Mama ndiye aliyebisha, na ubishi wake ulikuwa wa haki. Bahari anayoijua yeye ni ya bamvua. Bamvua, pwani hii, maji hukauka kabisa kama saa nne asubuhi, na hiyo ndiyo saa ya wanawake: unatembea juu ya mwamba na kijiti chako, ndoo mkononi, unachungulia matundu. Maji mafu kwake ni siku za kukaa nyumbani, maana mwamba hautoki. Mjomba akamweleza polepole, kama anayemweleza mtu jambo alilokuwa akilijua nusu. Pweza unamtafuta maji yakiwa yameondoka. Haya unayotaka kuyaona sasa yanaishi maji yakiwepo. Siku ya maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, mkondo unalegea, na asubuhi saa nne, saa ile ile ya pweza, bahari inakuwa imejaa na imesimama. Maji yanayofika Ruvula wakati huo yametoka bahari kuu, meupe.

Baadaye nilisoma sababu ya weupe ule. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki huifikia Afrika karibu na hapa kwetu, kisha hugawanyika, tawi moja likipanda kwenda Kenya na jingine likishuka Msumbiji. Mjomba hakuwa na habari ya ramani hiyo, lakini alijua pia cha kuogopa: mto Ruvuma. Mvua zikishika bara, mto unaleta tope, na ghuba inageuka chai. Kwa hiyo isiwe Januari. Upepo wa kusi umekwisha, wa kaskazi bado haujapata nguvu za asubuhi, mvua kubwa hazijafika. Akatupa Jumamosi ya tarehe 19 Desemba, siku ya saba ya Mfungo Sita.

Mdogo wangu akaomba ruhusa kazini. Akapiga simu kituo kimoja cha kuzamia pale Mikindani, na tukagundua kwamba skuba nayo ina kalenda yake. Mkufunzi alimwuliza jambo la kwanza: unaruka lini? Tiketi ilikuwa ya Jumapili asubuhi. Akaambiwa aibadilishe. Ukizama, naitrojeni ya kwenye hewa unayovuta inayeyuka mwilini kwa sababu ya mgandamizo, na inahitaji muda kutoka. Ukipanda ndege mapema, hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi kuliko ya chini, basi naitrojeni inaweza kutoka kwa povu ndani ya damu, kama soda iliyofunguliwa. Anayezama zaidi ya mara moja hushauriwa asubiri angalau saa 18. Ikawa ndege ya Jumatatu.

Mume wangu ana pumu. Alipofika kwenye fomu ya afya akaiandika bila kuficha, mkufunzi akasema bila kibali cha daktari hamshushi, na hilo likaisha. Mwanangu wa miaka 9 ndiye aliyeumia. Kituo hakikuruhusu mtungi chini ya miaka 10, na hata huyo wa 10 haendi kina cha zaidi ya mita 12. Alilia mpaka mjomba akamwita pembeni akamwambia yeye atakuwa mshika kamba wa bibi.

Kwa maana mama hajui kuogelea. Wengi wa wanawake wa umri wake hapa hawajui. Bahari yao inaishia kiunoni. Miwani na bomba vilikuja wiki moja kabla, na mama akaanza mazoezi uani, kwenye beseni la bluu la kufulia. Alikuwa anapiga magoti kwenye khanga, anauma mpira wa bomba, anatumbukiza uso. Siku ya kwanza alivuta kwa pua, miwani ikamganda usoni, akainuka anakohoa. Wajukuu wakamzunguka, mmoja anamshika bega, mwingine anamhesabia kwa sauti. Jioni ya tatu au ya nne nilirudi kutoka sokoni nikakuta uani kimya, mama uso uko majini, mgongo umelegea, bomba linatoa sauti ya mtu aliyelala. Mtoto alikuwa ameacha kuhesabu. Nikasimama na vikapu vyangu mkononi, sikutaka kumgutusha.

Safari yenyewe haina mengi. Tulipitia Madimba, kiwanda cha gesi kimezinduliwa Oktoba ile ile, watoto wakahesabu matangi. Kiingilio cha hifadhi tukalipa, tukalala kwa mjomba na wengine kwenye mahema. Asubuhi bahari ilikuwa imelala kama mjomba alivyosema.

Mdogo wangu alishuka na mkufunzi upande wa nje, tukawa tunaona mapovu yao tu. Sisi tulibaki pale mwamba unapokuwa mita mbili, tatu. Mjomba alimletea mama tyubu ya tairi la lori, imefungwa kamba kwenye mashua, na mwanangu akiwa na jaketi lake ameishika ile kamba kwa mikono miwili. Mama alitemea mate ndani ya miwani, akaisuuza kama alivyofundishwa, akalalia tyubu, akainamisha uso.

Mimi nilikuwa kando yake. Chini yetu kulikuwa na matumbawe ya meza, mapana, yamepandana, samaki wakipita, vitatange wawili wawili na kundi la kangaja. Mama hakujali hivyo. Alikuwa amemwona pono. Pono tunamjua akiwa sokoni, rangi imeshafifia, magamba yanakwama kwenye kisu. Huyu alikuwa kijani na buluu, ana midomo yake kama ya kasuku, anauma mwamba, na ule mkwaruzo unausikia kabisa ukiwa majini. Kisha akaachia nyuma yake wingu la mchanga mweupe. Mama akanishika mkono, akaninyooshea kidole, akaubana mkono wangu mpaka ukauma.

Miezi michache baadaye, mwaka 2016, bahari ilipata joto kali, na matumbawe ya sehemu nyingi za magharibi mwa Bahari ya Hindi yakapauka. Nilipozisikia zile habari niliwaza meza zile za Ruvula, na nikashukuru kwamba mama hakukubali pesa ile iende kwenye bati.

Siku ile, mjomba alitugongea ubavu wa mashua: maji yameanza kutoka, tupande. Tukapanda wote isipokuwa mama. Aliinua uso tu, akatoa bomba mdomoni, miwani imemwachia alama nyekundu kwenye paji, akamwita kaka yake kwa jina lake la utotoni.

"Maji mafu mengine," alimwuliza, "yanaangukia lini?"