Abiria na saruji kwenye reli moja: safari ya Higashi-Fujiwara

Mgeni akifika Japani, kitu cha kwanza anachoulizwa na ndugu zake ni kama ameshapanda Shinkansen, treni ya mwendo kasi. Nimeipanda, na sifa zake ni za kweli. Lakini mimi ni mtoto wa Mlimba. Nimekua nikiiona treni ya TAZARA ikishusha watu na magunia ya mchele, huku njia ya pili mabehewa ya mizigo yakisubiri zamu yake. Stesheni ya namna hiyo, ambako abiria na mzigo wanajuana, ndiyo niliyotamani kuiona huku. Nikaambiwa niende mkoa wa Mie, nipande reli ya kampuni ya Sangi.

Kutoka jiji la Nagoya nilipanda treni ya kampuni ya Kintetsu hadi stesheni ya Kintetsu-Tomida, mwendo wa kama nusu saa. Hapo nikahamia treni ya Sangi, yenye mabehewa matatu ya njano na chungwa yaliyowahi kufanya kazi kwenye reli za Tokyo. Tiketi ilikuwa kile kikadi kigumu cha karatasi kama cha zamani. Niliishika njia nzima kwa furaha, maana Nagoya kila kitu ni kugusisha kadi tu.

Treni inaondoka ikiwa na wanafunzi na akina mama wenye mifuko ya sokoni. Mwanzoni ni nyumba tupu, kisha mashamba ya mpunga yaliyokwisha kujazwa maji yanafunguka pande zote mbili. Mbele yake unasimama Mlima Fujiwara, wenye urefu wa mita 1,140 na zaidi kidogo. Ubavu mmoja umechongwa ngazi kubwa kubwa, nyeupe. Ni mawe ya chokaa, na ndiyo yaliyoileta reli hii. Ilifunguliwa mwaka 1931, ikatiwa umeme mwaka 1954. Waanzilishi walikusudia ifike hadi Sekigahara, mkoa wa jirani wa Gifu, lakini haikufika. Inaishia Nishi-Fujiwara, miguuni pa mlima.

Nilishuka Higashi-Fujiwara. Jukwaa ni dogo, abiria tulioshuka tulikuwa wachache, lakini ukigeuka unaona njia za reli zimepangana nyingi kuliko stesheni za miji mikubwa. Nyuma yake kiwanda cha Taiheiyo Cement kimeziba nusu ya anga kwa maghala ya mviringo, mikanda ya kupandishia mawe na mabomba. Jukwaa la abiria limekaa pembeni kama kibanda cha mlinzi kwenye geti la shamba kubwa.

Nilikaa pale muda mrefu, na sikuchoka. Kichwa kidogo cha dizeli kilikuwa kikiyavuta matangi meusi kutoka kiwandani, kinayasukuma njia hii, kinarudi kuchukua mengine. Mfanyakazi mwenye kofia ngumu anaonyesha kidole kwenye taa ya ishara na kutamka kwa sauti anachokiona, kisha ndipo anatoa ruhusa. Anafanya hivyo kila mara, hata pasipokuwa na mtu wa kumtazama. Nidhamu hii iliniingia moyoni kuliko mwendo kasi wowote.

Hatimaye vichwa viwili vya umeme vya aina ya ED45 vilifungwa pamoja mbele ya mabehewa kumi na sita. Kila behewa linabeba tani 40 za saruji. Piga hesabu: tani 640 zinaondoka kwa mkupuo mmoja, bila lori hata moja kupita mbele ya shule za vijijini. Zamani matangi ya saruji yalionekana kwenye reli za sehemu nyingi za Japani, lakini malori na meli vimeyaondoa. Hapa yamebaki. Na kabla uwanja wa ndege wa Chubu, uliojengwa juu ya bahari karibu na Nagoya, haujafunguliwa mwaka 2005, udongo wa kujazia bahari ulipakiwa hapahapa ukateremshwa hadi bandari ya Yokkaichi.

Treni ya mzigo haikuondoka mpaka ya abiria ilipofika na kupishana nayo. Mzee mmoja aliyevaa viatu vya kupanda mlima, niliyemsalimia kwa Kijapani changu kidogo, alinieleza kwamba mzigo ndio unaowafaa wao wasafiri. Namwamini. Vijiji vya Japani vinapungua watu, na reli nyingi za pembeni zimefungwa kwa kukosa abiria. Reli yenye saruji ya kubeba ina sababu ya kutunzwa, na mwanafunzi anayekwenda shule anapita juu ya reli hiyohiyo. Upana wake ni milimita 1,067, sawasawa na TAZARA. Nikiwa pale nilikuwa naiwaza Mlimba, na naandika haya nikiwa na imani kwamba stesheni zetu ndogo zitaokolewa na mzigo kabla hazijaokolewa na kitu kingine.

Jioni niliifuata saruji hadi mwisho wake. Kwenye stesheni ya Tomida mabehewa hukabidhiwa injini za dizeli za JR, kampuni kubwa ya reli ya Japani, yanashuka mpaka Yokkaichi, na kabla ya kufika kwenye maghala ya bandarini yanavuka mfereji wa Chitose juu ya daraja la Suehiro. Daraja hili ni la mwaka 1931 pia. Kipande chake cha kati hubaki kimeinuliwa ili boti zipite, kinateremshwa treni inapokuja tu. Tangu 1998 limeorodheshwa kuwa urithi muhimu wa taifa, na bado linafanya kazi.

Ukitaka kwenda, nenda siku ya kazi ili uione mizigo. Kwenye stesheni ya Nyugawa, njiani, kuna jumba la makumbusho ya treni za mizigo lenye mabehewa ya kale yaliyopakwa rangi upya, lakini hufunguliwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo mwenye kutaka vyote viwili ajipange kwa siku mbili, na alale Yokkaichi.