Kabla hujakariri jedwali la vitenzi, tafuta mtu amekaa wapi

Kila anayeanza lugha mpya anapewa lile jedwali, mimi wewe yeye sisi nyinyi wao, halafu anaambiwa kariri. Mi naipinga kabisa hiyo njia. Jedwali lenyewe si baya, ila ukilivamia hivo hivo unakariri sauti tupu na hujui hata unatafuta nini ndani yake. Kwanza jiulize, kwenye hiki kitenzi mtu anayetenda amekaa wapi, na wakati umekaa wapi?

Sisi wa Kiswahili hii kazi tunaifanya kila siku bila kuiwaza. Ninasoma, ulisoma, watasoma: mtu mbele kabisa, wakati unafuata, kitenzi kimetulia mwishoni. Sasa ingia Kihispania, mambo yote yamehamia nyuma: hablo naongea, hablas unaongea, habla anaongea, kisha hablamos, habláis, hablan. Na wao kama sisi, neno la "mimi" au "wewe" mara nyingi wanaliacha kwa sababu mwisho wa kitenzi umeshasema ni nani, hapo mtu wa Kiswahili anaelewa fasta maana na yeye hasemi "mimi ninasoma" mpaka awe anasisitiza.

Watu huogopa wakisikia Kihispania kina makundi matatu ya vitenzi kufuatana na mwisho wake, -ar, -er na -ir. Angalia vizuri lakini, kwa wakati uliopo -er na -ir zinaachana kwa "sisi" na "nyinyi" tu, comemos tunakula na vivimos tunaishi, coméis mnakula na vivís mnaishi, kwingine kote miisho ni ile ile. Cha kukomaa nacho ni mkazo. Hablo ni naongea, habló ni aliongea, yaani umesogeza mkazo tu na umebadilisha mtu na wakati kwa mpigo mmoja, ndo maana kukariri kwa macho bila kutoa sauti naona ni kupoteza muda.

Kifaransa ndo kinyume chake, macho yanaona mengi kuliko masikio. Chukua kitenzi cha kuongea: parle naongea, parles unaongea, parle anaongea, parlent wanaongea, yote manne yanatamkwa sawa! Yanayosikika tofauti ni parlons tunaongea na parlez mnaongea, na kwenye maongezi ya kawaida "sisi" wanaigeuza kuwa on parle, inarudi sauti ile ile. Kwa hiyo ukitaka kuongea mzigo ni mdogo sana, kuandika ndo kuna kazi. Na kwa kuwa mwisho hausikiki, Kifaransa hakikuruhusu kuacha je, tu, il, yaani mimi, wewe, yeye, lazima uviseme.

Kiarabu kinashika mtu pande zote mbili. Kataba aliandika, katabtu niliandika, mtu yuko nyuma, lakini ukija wakati uliopo ni aktubu naandika, yaktubu anaandika, mtu karuka mbele, na taktubu inaweza kuwa wewe mwanaume au yule mwanamke, hapo muktadha ndo unaamua.

Ninayoipenda kuliko zote ni Kituruki, kwa sababu kinabandika vipande kama sisi ila kwa nyuma. Okuyorum, ninasoma: oku ni soma, yor ni wakati, um ni mimi. Ukikanusha inakuwa okumuyorum, hako ka mu katikati ndo "si", na vokali yake inafuata jirani zake ndo maana kwa gelmek, kuja, utasikia gelmiyorum. Linganisha na sisomi yetu, ambapo si- imebeba mimi na kukanusha kwa pamoja, alama ya wakati imetoweka na -a ya mwisho imegeuka -i. Yetu ngumu zaidi hapo, na bado mtoto mdogo anaiweza, kwa sababu aliisikia ndani ya sentensi, hakupewa jedwali.

Halafu kuna Kijapani, unauliza mtu amekaa wapi unajibiwa hayupo. Tabemasu ni nakula, unakula, wanakula, yote sawa. Wakati na kukanusha ndo vinabadilika, tabemashita nilikula, tabemasen sili, na adabu pia, maana kwa rafiki utasema taberu tu. Kwa hiyo ukianza Kijapani achana kabisa na ile mistari ya mimi wewe yeye, chukua kitenzi kimoja ukizungushe kwa kukubali, kukataa, jana, leo, kwa mkubwa na kwa rafiki, ukitoa sauti.