Jinsi nilivyoishinda "too many arguments" kwenye terminali

Nilikuwa na picha za harusi ya dada yangu, zaidi ya 600, zimechanganyika na video ndani ya folda moja kwenye laptopu yenye Ubuntu, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Kuziburuta kwa kipanya kungenikesha, nikaamua kujaribu terminali, yaani dirisha la kuiamuru kompyuta kwa maandishi. Nikaandika cd, amri ya kuingia ndani ya folda:

cd Picha za Harusi

Jibu: bash: cd: too many arguments. Yaani, nimeipa vitu vingi mno. Nikahakiki tahajia mara tatu. Nikaandika ls, amri ya kuorodhesha vilivyomo, na folda ile pale! Imeandikwa 'Picha za Harusi', ndani ya alama za kunukuu, nami sikuzitilia maanani. Saa nzima ikaniponyoka.

Kisa kilikuwa nafasi kati ya maneno. Bash, programu inayosoma amri za terminali, hutumia nafasi kutenganisha amri na vitu vyake, hivyo iliona folda tatu: Picha, za, Harusi. Dawa yake:

cd "Picha za Harusi"

Ikaingia papo hapo. Ila ninachokipenda hasa ni kitufe cha Tab. Andika cd Pi, bonyeza Tab, jina linajimalizia lenyewe, nafasi zikiwa zimeshawekewa alama ya \ mbele yake. Kwa maoni yangu, anayeanza ajifunze Tab kabla ya kukariri amri yoyote.

Nikatengeneza folda mpya kwa mkdir picha, kisha amri ya kuhamishia humo mafaili yote yanayoishia na .jpg, mv *.jpg picha/, ikagoma. Kamera ilikuwa imeandika .JPG kwa herufi kubwa, na kwa Linux hizo ni herufi tofauti kabisa.

mv *.JPG picha/

Picha zote zikahama kufumba na kufumbua, video zikabaki mahali pake.