Mluzi kwenye pedali zangu, na jinsi nilivyoishia kuujenga ubao mzima upya

Kwa wiki mbili nimeishi na mluzi. Sio mluzi wa mtu, ni wa kwenye amplifaya, mwembamba kama mbu wa usiku wa manane, unalia ata kabla sijagusa nyuzi za gitaa, na nikikanyaga ovadraivu, ile pedali ya kukuza na kukwaruza sauti ya gitaa, ndo unakuwa mkubwa kabisa, kama vile mbu kapewa spika. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha gitaa. Nikahamisha amplifaya toka kona hii kwenda kona ile. Mwisho nikaichomoa ovadraivu nikaifungia kabatini kama mtoto mtundu, mluzi ukapungua, nikajiona mshindi. Kumbe masikini ovadraivu haikuwa na kosa lolote, yenyewe ilikuwa inapaza tu kelele ya mwenzake.

Niwape picha kidogo. Nilikuwa na pedali sita, vile vikasha vya kukanyaga vya gitaa, zimepangwa chini sakafuni, tyuna ya kupatanisha nyuzi, ovadraivu, distoshoni ya kukwaruza zaidi, korasi ya kufanya gitaa moja lisikike kama kadhaa, dilei ya kurudia sauti na riveb ya mwangwi, zote zinakula umeme kwenye adapta moja ya volti 9 kupitia ule waya wenye plagi nyingi zinazofuatana kama shanga. Waya wa shanga ni rahisi, na kwa pedali mbili tatu za analogi wala hauna shida, watu wameupigia miaka nenda rudi. Shida inaanza ukichanganya na dijitali. Ndani ya dilei ya dijitali kuna prosesa, na prosesa inanyonya umeme kwa vishindo vya haraka haraka, haiunyonyi kwa utulivu kama ile saketi ndogo ya ovadraivu yenye transista au opampu (chipu ndogo ya kukuza sauti) moja. Vile vishindo vinarudi kwenye waya mnaochangia wote, vinaingia kwenye ovadraivu, na kazi ya ovadraivu ni nini? Kukuza kila kinachoingia. Ndo ukawa mluzi.

Niligundua kwa kubahatisha. Nilichomoa plagi ya dilei kwenye shanga nikaitia betri ya kawaida ya volti 9, ile ya mstatili, nikawasha kila kitu na kukanyaga ovadraivu. Kimya. Kimya cha kutisha, mpaka nikadhani amplifaya imezimika. Kwa hiyo kama unasikia kelele usiyoielewa, kabla hujanunua kitu chochote fanya hivyo, betri ni kipimo kizuri kuliko maoni ya watu kumi, unahamisha pedali moja moja kwenye betri mpaka kelele ife, aliyetoka wakati inakufa ndo mwenye kesi. Ila kumbuka kuchomoa jeki ya kuingizia ukimaliza, maana kwenye pedali nyingi jeki ile ndo swichi ya betri, ukiiacha imechomekwa betri inaisha yenyewe usiku kucha ata kama taa ya pedali imezimwa.

Hapo nikasema basi, nijenge ubao wa kueleweka na umeme wa kueleweka.

Nikaanza na mahesabu, na hapa ndo wengi wanachanganyikiwa kwa hiyo ntaenda taratibu. Kila pedali ina mambo matatu ya kusoma pale kwenye tundu la umeme au kwenye kitabu chake: volti, miliampia, na upande wa hasi na chanya. Volti lazima zilingane. Pedali ya 9 ipe 9, usiipe 18 kwa sababu umesikia sauti inakuwa nzuri zaidi, kuna zinazokubali na kuna zinazokufa palepale. Miliampia ni habari tofauti, hizo ni kama maji ya tenki, pedali inachota inayohitaji tu, ukiipa tundu la miliampia 500 na yenyewe inahitaji 10 itachota 10 na maisha yanaendelea. Hatari ni kinyume chake, pedali inataka 300 we unaipa 100, inawaka waka na kuzima, au inatoa sauti kama mtu anayezama. Distoshoni na ovadraivu za kawaida zinakula kidogo sana, miliampia 5 mpaka 20 hivi. Tyuna yangu 30. Dilei 65. Riveb ndo mlafi wa nyumba, peke yake inataka 300. Nikijumlisha nafika kama 430 na adapta yangu ilikuwa ya 500, yaani kwa hesabu ilitosha, na bado ilipiga mluzi, kwa sababu tatizo halikuwa wingi wa umeme, tatizo lilikuwa kula sahani moja.

Alafu upande wa hasi na chanya. Kwenye pedali nyingi hasi iko katikati ya tundu na chanya iko nje, kinyume kabisa na adapta nyingi za vitu vingine vya nyumbani. Kuna kamchoro kadogo ka duara na nukta kanakoonyesha, kaangalie kila mara. Mimi sikukaangalia siku moja, nikachomeka korasi kwenye adapta ya kifaa kingine, volti 9 vilevile, plagi imeingia vizuri kabisa kama imezaliwa pale, harufu ikatoka. Nilichokuja kukuta nikifungua ni daiodi moja ndogo, 1N4001, imeungua. Kazi yake ni hiyohiyo, imekaa pembeni ya njia ya umeme, umeme ukija kinyume inajitoa mhanga inapitisha wote chini ili saketi isife. Nikaing'oa, nikalehemu nyingine, korasi ikafufuka. Nilikuwa na bahati, sio kila pedali inayo, kwa hiyo saivi kila adapta inayoingia humu ndani inapimwa kwanza na multimita, ata kama imeandikwa.

Na kama una fazi, pedali ya kukwaruza sauti kupita kiasi, ya zamani ya transista za jemaniamu za aina ya PNP, zile za ukoo wa Fuzz Face ya 1966, soma aya hii mara mbili. Nyingi kati ya hizo zimejengwa chanya ikiwa ndo grandi, yaani ule upande wa umeme unaochangiwa na saketi nzima. Maana yake kasha lake la chuma na ngao ya waya wake wa sauti viko kwenye chanya, wakati pedali nyingine zote grandi yao ni hasi. Ukiziweka kwenye shanga moja, chanya na hasi zinakutana kupitia waya mfupi wa sauti unaounganisha pedali. Rafiki aliniletea yake tujaribu, tukachomeka, taa zote za ubao zikafa kwa pamoja kama mji mzima umekatiwa umeme. Adapta ilikuwa na ulinzi ndani ikajizima, la sivyo tungekuwa na hadithi nyingine. Fazi kama hiyo iache kwenye betri au ipe tundu lake lenyewe lililotengwa.

Neno "lililotengwa" ndo jibu la kisa chote hiki. Pawa saplai nzuri ya pedali haina tundu moja lililogawanywa mara nane, ina matundu manane ambayo kila moja ni kama betri yake yenyewe, halina waya hata mmoja unaogusana na jirani. Zile za zamani na nzito zinafanya hivyo kwa transfoma yenye nyuzi tofauti za kutolea kwa kila tundu, hizi mpya nyepesi zinatumia vibadilisha umeme vidogo vidogo ndani, kimoja kwa kila tundu. Uangalifu unatakiwa dukani kwa sababu kuna vikasha vyenye matundu kumi vinavyoandikwa maneno matamu juu, ukipima ndani ni waya wa shanga uliovaa suti. Namna ya kupima: kizime, kichomoe ukutani, weka multimita kwenye alama ya mlio, ncha moja kwenye hasi ya tundu la kwanza na nyingine kwenye hasi ya tundu la pili. Ikilia, hayajatengwa.

Kuna wanaouliza kwa nini nisijenge saplai yenyewe pia. Ya umeme wa ukutani sijengi. Naujua mkono wangu wa kulehemu na sitaki kupiga gitaa huku nimeshika umeme wa ukutani. Ila nimejenga ya betri kwa ajili ya kupigia nje pasipo na soketi, betri ya volti 12 ya risasi, ampia-saa 7, inapita kwenye regulata ya 7809, chipu ya kushusha volti, inatoka 9 safi. Regulata inageuza zile volti 3 zinazozidi kuwa joto, kwa miliampia 300 ni karibu wati 1, kwa hiyo ifunge kwenye kipande cha bati la aluminiamu ipumue. Weka kapasita mbili ndogo karibu na miguu yake, moja kwenye kuingilia na moja kwenye kutokea, volti yake isije ikaanza kupanda na kushuka yenyewe. Na fyuzi, tafadhali, fyuzi ya ampia 1 kwenye waya wa chanya sentimita chache tu toka kwenye betri, betri ya risasi ikipigwa shoti inatoa umeme mwingi wa kuunguza waya na begi na wewe. Betri ikishuka mpaka volti 11 hivi regulata inaanza kushindwa, inahitaji karibu volti 2 juu ya kile inachotoa. Na hii ni tundu moja tu, grandi moja, kwa hiyo ninapotoka nayo naacha dilei na riveb nyumbani. Niliwahi kujaribu pia pawabenki ya simu na kile kiwaya cha kupandisha volti 5 kuwa 9, ilifanya kazi, ila nikiwa na ovadraivu peke yake pawabenki inaona umeme unaonyonywa ni mdogo mno inadhani simu imejaa, inajizima katikati ya wimbo.

Ubao wenyewe ulikuwa kazi ya mchana mmoja. Mbao nne nyembamba za sentimita 60, zimeachana sentimita 3 ili nyaya zipite chini, miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele ili mstari wa nyuma uinuke mguu uufikie bila kukanyaga wa mbele. Kabla ya kukata chochote nilipanga pedali juu ya boksi lililokunjuliwa nikazichora, pamoja na jeki zake, maana jeki za pembeni zinakula sentimita mbili tatu kila upande na usipozihesabu pedali ya sita inabaki nje inalia. Nikapaka vanishi mara mbili. Sikuwa na haraka kwenye hilo, mbao isiyopakwa inatoa vumbi na velkro inabanduka. Velkro laini kwenye ubao, ya miiba chini ya pedali, na pedali uifute na spiriti kwanza.

Nyaya fupi za sauti nimezilehemu mwenyewe na hapo ndo nilipoteza jioni nzima, nyaya saba, moja ikawa na kiungo baridi, kinang'aa kwa nje lakini ndani hakijashika, sauti inakuja ukikohoa inaondoka. Dawa ni kuupasha moto waya wenyewe na jeki ndo risasi iyeyukie juu yao, sio kudondoshea risasi juu ya kitu kilichopoa. Pima kila moja kwa mlio wa multimita huku unaitingisha.

Saplai nimeifunga chini ya ubao upande wa kulia, na sababu ya kulia ni wawa. Niliongeza pedali ya wawa, ile unayoinamisha kwa mguu gitaa likalia kama linaongea, kushoto kabisa, mtaniwia radhi, nilisema sita lakini mnajua inavyokuwa. Ndani ya wawa kuna koili, na koili inasikia usumaku wa transfoma kama sikio, ukiziweka jirani unapata mvumo mzito ambao hakuna kutenga matundu kutakaousaidia, unasogeza tu. Nyaya za umeme nazo zinapita upande wao, na pale zinapolazimika kukutana na za sauti zinakatiza kwa msalaba, hazilali sambamba.

Nimewasha jana usiku kwa mara ya kwanza vikiwa vyote pamoja, ovadraivu imetolewa kabatini na kuombwa msamaha. Mluzi hakuna. Umebaki mvumo mdogo wa chini, ule wa umeme wa nyumba wenyewe, na huo unatoka kwenye pikapu za gitaa langu, zile sumaku zenye waya zinazosikia nyuzi, za koili moja moja, nimehakikisha, nikifunga kinobu cha sauti cha gitaa unakufa. Nikigeuka kuelekea dirishani unapungua karibu wote, nikigeukia mlango unarudi. Kwa hiyo nimehamisha kiti, saivi napiga nikiwa nimetazama dirisha.